Hamilton, Missouri kwa gari-nyumba: chukua kitambaa cha mgongo, viache vya tayari

Ukitoka Kansas City kwa barabara kuu ya 35 kuelekea kaskazini, ukaiacha pale Cameron na kushika US 36 kwenda mashariki, baada ya dakika kumi na tano hivi utakutana na kibao cha Hamilton. Mji haufiki watu 2,000. Zamani ulijulikana kwa mtu mmoja tu, J. C. Penney, mwenye maduka ya nguo, aliyezaliwa hapa 1875 na akaja kufungua hapa hapa duka lake la 500 mwaka 1924. Siku hizi watu huja kwa ajili ya Missouri Star Quilt Company, biashara ya mifarishi iliyoanzishwa na familia ya Doan mwaka 2008. Watoto walinunua jengo na mashine kubwa ya kushonea mifarishi ili mama yao, Jenny Doan, apate cha kufanya. Mama akaanza kufundisha kwa video YouTube, wanafunzi wakawa wateja, wateja wakaanza kuja wenyewe. Jengo likafuata jengo kwenye Davis Street, hadi barabara kuu ya mji ikawa kama duka moja lenye milango mingi.

Mfarishi unaosemwa hapa ni ule wa tabaka tatu: uso wa viraka, pamba katikati, mgongo chini, zote zikapigwa mshono pamoja. Na mnunuzi anayesemwa ni yule anayefika kwa gari-nyumba, lile ambalo Wamarekani huliita RV: kitanda, jiko, choo na tangi la maji juu ya magurudumu, cherehani imesukumwa chini ya meza, na hakuna kabati la kuwekea majora.

Panastahili kuiacha njia? Ndiyo, kwa anayekuja na vipimo mkononi. Anayekuja kutazama tu atatoka na mfuko wa vitu vizuri visivyotosha kushona kitu chochote.

Pa kuegesha

Barabara za miji midogo kama Hamilton ni pana, hilo halina ubishi. Kazi iko kwenye nafasi za kuegesha mbele ya maduka. Gari-nyumba la aina ya basi dogo, la futi 18 hadi 22, linaingia kama gari jingine. La futi 30 linaacha nyuma yake yote barabarani. La futi 40 usifikirie hata kulijaribu.

Wenye magari makubwa mara nyingi hukokota gari dogo likiwa juu ya magurudumu yake manne. Ukikokota hivyo, huwezi kurudi nyuma, hata uwe dereva wa miaka thelathini. Mara unapolisukuma gari dogo, magurudumu yake ya mbele hujipinda upande mmoja, nguvu yote inaangukia kwenye vyuma vya kukokotea, na vyuma hupinda au pini hukatika. Ukijikuta kwenye mtaa usio na pa kutokea, dawa ni moja: fungua gari dogo hapo hapo, litoe, ndipo urudishe kubwa. Ni kazi ya dakika kumi, na nyuma yako kuna foleni ya watu wapole wanaokutazama.

Kwa hiyo liache kubwa kambini uje na dogo. Wallace State Park, kusini mwa Cameron, ina nafasi za magari-nyumba zenye umeme na iko karibu vya kutosha kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kama huna gari dogo, piga simu dukani kabla hujaondoka kambini. Taja urefu wako kamili kwa futi, mkokoteni ukiwemo, uulize wapi pa kuegesha siku hiyo. Urefu wa kwenda juu nao uandike, uubandike karibu na usukani: gari kubwa lenye kiyoyozi juu ya paa hufika futi 12 hadi 13 na nusu, na matawi ya miti ya mitaa ya nyuma hayana kibao cha kukuonya.

Ndani

Bidhaa zimegawanywa kwa majengo kufuata aina: batiki kwake, maua kwake, vitambaa vya watoto kwake, vya sikukuu kwake. Mgawanyo huu una raha yake na adha yake. Raha ni kwamba anayetafuta batiki anaziona zote ukutani pamoja, hahangaiki kuzichambua kati ya vitambaa vya Krismasi. Adha ni kwamba rangi unayotaka kuioanisha na ua ulilochagua iko kwenye jengo jingine, ng'ambo ya barabara, chini ya taa nyingine.

Hapo ndipo wengi hukosea. Picha ya simu haifai kuoanishia rangi, kwa sababu kamera hurekebisha mwanga yenyewe na kuifanya krimu ionekane nyeupe. Beba kipande halisi, hata cha inchi mbili. Ukikosa, beba ukingo. Kwenye ukingo wa kitambaa cha mifarishi kumechapwa jina la kiwanda, jina la mchoro, na safu ya vidoa vya rangi, kimoja kwa kila wino uliotumika. Vile vidoa ndivyo unavyovilaza juu ya jora jingine. Kidoa cha kijani kikimezwa na kijani cha jora, umepata. Kikionekana kama doa la uchafu, tafuta lingine. Kisha peleka majora yote dirishani uyaangalie kwa mwanga wa jua, hasa nyeupe. Nyeupe mbili zinazolingana chini ya taa ya dukani zinaweza kutoka nje moja ikiwa nyeupe na nyingine rangi ya maziwa ya chai, na kwenye mfarishi uliokamilika tofauti hiyo huonekana kutoka mlangoni.

Kwa wasioshona kuna mahali pa kungojea penye viti vya kulalia na televisheni, palipowekwa kwa ajili ya waume. Huduma nzuri. Mke asiyeulizwa "bado?" kila baada ya dakika tano hununua kwa akili zaidi.

Kwenye meza ya kukatia

Kitambaa cha mifarishi ni pamba tupu, na bei ya kawaida katika maduka ya namna hii Marekani ni dola 12 hadi 14 kwa yadi. Kodi ya mauzo haimo kwenye bei ya kibandiko. Huongezwa mwisho, wakati wa kulipa. Yadi ni inchi 36 kwenda mbele. Upana huandikwa inchi 44, lakini ukishatoa kingo mbili hubaki 42 au pungufu kidogo, na wapo viwanda vinavyobakiza 41 tu. Fungua jora upime mwenyewe. Hakuna atakayeshangaa, wajuzi wote hufanya hivyo.

Jora hukunjwa kwa mashine kiwandani, na mara nyingi mkunjo haufuati uzi. Mkataji naye hukata kwa kufuata mkunjo. Ukifika kwako ukakinyoosha kitambaa, ukingo kwa ukingo, utakuta upande mmoja umepelea inchi nzima, na inchi hiyo ni hasara yako. Ndiyo sababu anayehitaji nusu yadi kamili huomba thumuni ya yadi zaidi, yaani inchi nne na nusu. Na kilichokatwa hakirudishwi, takriban kila duka la vitambaa liko hivyo.

Ukitaka robo yadi, useme ni robo ipi. Robo ya kawaida ni ukanda wa inchi 9 kwa 42, mwembamba kiasi kwamba hautoi kiraka kikubwa. Nyingine huitwa fat quarter: nusu yadi iliyokatwa katikati ya upana, ikatoa kipande cha inchi 18 kwa 21 au 22. Eneo ni lilelile, umbo ndilo linalofaa. Hizi huuzwa zikiwa zimekunjwa tayari kwenye vikapu, na kwa mtu wa gari-nyumba ndiyo namna bora ya kujaribu michoro mingi bila kubeba majora.

Vya tayari

Sasa vile vifurushi vilivyokatwa tayari, ambavyo ndivyo vimepangwa mbele ya macho yako karibu na kila kaunta. Ni vizuri kutazama, na hesabu yake ni rahisi. Charm pack ina viraka 42 vya inchi 5 kwa 5: inchi za mraba 1,050. Yadi moja ya jora yenye upana wa 42 ina 1,512. Yaani unanunua asilimia 70 ya yadi, na bei mara nyingi inakaribia ya yadi nzima au kuipita. Ukishona viraka vyote 42, saba kwa sita, kila kimoja kinapoteza nusu inchi kwa mshono na unapata uso wa inchi 31 na nusu kwa 27. Hiyo ni nguo ya kumfunika mtoto mchanga, si zaidi. Layer cake, viraka 42 vya inchi 10, na jelly roll, kanda 40 za inchi mbili na nusu, zote hutoa kitambaa cha kama yadi mbili na robo tatu.

Unacholipia ni mambo mawili: michoro yote ya mbunifu mmoja kwa kipande kidogo cha kila mmoja, na kazi ya kukata. Kwenye gari-nyumba hili la pili lina uzito wake, maana meza ya kulia chakula haitoshi mkeka wa kukatia wa inchi 24 kwa 36. Jelly roll moja haihitaji kukatwa kabisa. Unaunga kanda kwa urefu hadi upate mkanda mmoja wa inchi zaidi ya 1,600, unaukunja katikati na kushona, unaukunja tena na kushona, mara tano, na kinachotoka ni uso wa kama inchi 50 kwa 64. Jioni moja ya mvua inatosha. Moja ya njiani, basi, haina ubaya. Tano ni ugonjwa.

Jihadhari na kingo zake za meno. Kifurushi kimoja kimekatwa ili inchi mbili na nusu ihesabiwe kwenye ncha za meno, kingine kwenye mabonde. Kabla hujaanza, shona kanda mbili kwa mshono wa robo inchi, piga pasi, upime: lazima upate inchi 4 na nusu. Ukipata pungufu, sogeza mstari wako wa mshono kuelekea ukingoni, usivute kitambaa. Kosa la unene wa uzi mmoja kwenye kila mshono, mara mishono 30, ni karibu inchi nzima mwishoni mwa kazi. Na usivifue kabla. Vikitoka majini utakuwa na rundo la nyuzi na viraka visivyolingana.

Mgongo, ambao ndio sababu ya safari

Duka dogo la kijijini huwa na migongo mipana michache, kahawia na nyeupe, yaishe. Duka kubwa kama la Hamilton huwa na ukuta mzima. Mgongo mpana ni kitambaa cha inchi 108, na ndicho kitu ambacho mtu wa safarini angepaswa kukinunua kwanza.

Chukua uso wa inchi 60 kwa 72, saizi ya kujifunika kwenye kochi. Anayekushonea kwa mashine kubwa hutaka mgongo uzidi inchi 4 kila upande ili apate pa kuubana, kwa hiyo unahitaji 68 kwa 80. Kwa kitambaa cha kawaida unakata vipande viwili vya inchi 68, unaviunga ubavu kwa ubavu. Vipande viwili vya upana wa 42, kasoro mshono, vinatoa 83, na unahitaji 80. Upana ukiwa 41, unabaki na inchi moja ya ziada. Ukiwa 40, umekwama, na kitambaa hakirudishwi. Jumla ni inchi 136, sema yadi 4. Kwa kitambaa cha 108 unahitaji yadi 2 tu, bila mshono wa katikati. Hata bei yake ya yadi ikiwa juu, na huwa juu, jumla mara nyingi hutoka chini.

Ukanda wa pindo nao uhesabu kabla hujaondoka mezani. Mzunguko wa mfarishi huo ni inchi 264. Ongeza 10 za kona na kuungia. Kila ukanda wa 42, ukiungwa kwa hanamu (mshazari), hupoteza kama inchi mbili na nusu, kwa hiyo unahitaji kanda 7 za inchi mbili na nusu: 17 na nusu. Vitabu vya michoro vitakuambia nusu yadi, yaani 18, ukabaki na nusu inchi ya akiba juu ya kitambaa kilichokatwa kwa kufuata mkunjo uliopinda. Chukua thumuni tano za yadi.

Pamba ya katikati ni kinyume. Inapatikana popote, inajaza kabati zima, na ikikaa imebanwa kwa miezi hutoka na mikunjo sugu. Nunua ya kazi iliyo mezani tu. Soma kwenye kifungashio umbali wa juu unaoruhusiwa kati ya mshono na mshono. Kuna zinazoruhusu inchi 10 na kuna zisizofika hapo. Ukipita kiwango, baada ya mifuo michache pamba hujisogeza na kukusanyika kama vidonge kwenye kona.

Kumpa mwingine akushonee

Maduka mengi ya mifarishi yana, au yanafahamiana na mwenye, mashine ya mkono mrefu, ambayo kichwa chake hutembea juu ya mfarishi uliotandazwa kwenye fremu. Wanaiita longarm. Bei ni kwa inchi ya mraba. Uso wetu wa 60 kwa 72 ni inchi 4,320, na kwa senti 2 kwa inchi, tuseme, ni dola 86 na senti 40 kabla ya pamba na uzi. Uliza kama uzi na pamba vimo. Uliza kama kuna kiwango cha chini, kwa maana mfarishi mdogo wa mtoto unaweza kutozwa zaidi ya hesabu.

Peleka uso na mgongo vikiwa mbalimbali. Usivibane pamoja kwa pini, usivishone. Viwe vimepigwa pasi, nyuzi za nyuma zimekatwa (uzi mweusi chini ya kiraka cheupe huonekana milele), na mgongo uwe na pembe mraba. Bandika karatasi upande wa juu, iandikwe juu ni wapi. Vifungo na lulu viwekwe baadaye.

Foleni huwa ya majuma, wakati mwingine miezi, na gari-nyumba halingoji. Dawa ni posta ya Marekani: huduma ya General Delivery hupokea mzigo wenye jina lako na kuuhifadhi kwenye ofisi ya posta ya mji utakaoufikia, bure, ukauchukua kwa kitambulisho. Haihifadhi zaidi ya siku 30, kwa hiyo usitoe anwani hadi duka likuambie kazi imekwisha. Mji mkubwa una ofisi nyingi na moja tu kati yake hupokea mizigo ya namna hii. Chagua mji mdogo wenye ofisi moja.

Umeme wa kupigia pasi

Cherehani haili umeme, kama wati 100. Pasi ndiyo mlaji. Kambi yenye soketi ya ampea 30 kwa volti 120 inakupa wati 3,600 kwa jumla. Pasi 1,500, kiyoyozi 1,500, hita ya maji 1,400: tayari 4,400, na swichi kuu inaanguka ukiwa katikati ya mshono. Igeuze hita itumie gesi, ndipo uwashe pasi. Kwenye nafasi ya ampea 50 huna haja ya hesabu hii, kwa sababu ile ni nyaya mbili za 50, wati 12,000.

Bila soketi, kwa betri, mambo ni magumu. Wati 1,500 kutoka volti 12 ni ampea 125, na ukiongeza kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, zinakuwa kama 140. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inakwisha chini ya saa moja kama pasi inawaka mfululizo. Chukua pasi ndogo ya safari ya wati 700 au 800, au bonyeza mishono kwa ukucha na kipande cha mbao, upige pasi utakapofika kwenye umeme.

Utaona wenye magari-nyumba wengi wamebeba Singer 221 nyeusi, ile ya tangu 1933, yenye uzito wa kama kilo 5. Inashona mshono ulionyooka tu na inaushona vizuri kuliko mashine nyingi za leo. Anayefikiria kuinunua Marekani na kuituma Mombasa au Dar es Salaam akumbuke mota yake ni ya volti 110. Ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma, itatoa moshi kabla haijatoa mshono.

Wakati wa kutembea, cherehani ikae sakafuni kati ya viti, sindano imetolewa, mguu umeshushwa juu ya kitambaa kilichokunjwa. Vitambaa visikae kwenye maboksi ya chini ya gari: usiku chuma hupoa, unyevu unatua, na ukungu unaanzia kwenye mikunjo. Uzito wake si tatizo, yadi tatu ni kama ratili moja. Vitabu vya michoro ndivyo vinavyolijaza gari.

Kwa anayekuja na vitenge

Waswahili wanaoishi Marekani huuliza kama vitenge vinafaa kuchanganywa na vitambaa hivi. Vinafaa, kwa masharti. Kwanza hakikisha ni pamba: choma uzi mmoja. Pamba hunukia karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta hukunjamana na kuacha kidonge kigumu cheusi, na kidonge hicho ndicho kitakachong'ang'ania pasi yako. Pili, fua kwa maji moto kabla ya kukata, kwa sababu kitenge kipya kimejaa wanga na kikiutoa hulegea na kusinyaa. Tatu, bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa juu ya nyekundu na buluu ya nili. Kikitoka na rangi, fua tena, urudie hadi kitoke safi. Ukikifua kitenge, basi na pamba ya jora uifue, la sivyo kimoja kitasinyaa ndani ya mfarishi na kingine kitabaki.

Kanga ni nyepesi kuliko pamba ya mifarishi na hulegea kwenye hanamu. Ipigwe wanga kabla ya kukatwa. Na ukikata viraka vya inchi 5 kutoka kwenye kanga, amua mapema kama jina litabaki zima. Wengi huikata yote, halafu wanajuta walipoona maneno yamegawanyika "wa" huku na "vumbi" kule.

Ukiwa huko tayari

Kaskazini mashariki, mwendo wa nusu saa hivi, kuna Jamesport, makazi ya Waamishi, Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani na kusafiri kwa farasi, ambako mifarishi huuzwa ikiwa imekamilika. Kabla ya kulipa, weka rula juu ya mshono wa mkono uhesabu: mishono minane hadi kumi kwa inchi, ikihesabiwa upande wa uso, ni kazi ya fundi. Mitano ni ya haraka, na bei iseme hivyo. Geuza uone nyuma; mishono ya nyuma ikiwa midogo kama ya mbele, aliyeshona hakubahatisha. Beba fedha taslimu, kadi si kila mahali zinapokelewa, na usipige watu picha.

Barabarani utapishana na vigari vya farasi vinavyotembea pembeni mwa lami. Vioo vya gari-nyumba hutokeza nje, kwa hiyo punguza mwendo mapema na pita kwa njia ya upande wa pili ikiwa wazi, bila honi. Jumapili usiende: maduka ya Waamishi yamefungwa, na vigari vyote viko kwenye ibada.